Anemoni aliyepauka kwenye tangi la nyumbani: mwongozo kwa wafugaji wa Mwanza

Anemoni mweupe pe huuzwa haraka. Anavutia machoni, na mnunuzi hudhani kapata aina adimu ambayo jirani hana. Ukweli ni kwamba mnyama huyo ana njaa, na asipopata msaada atakufa taratibu mbele ya macho yako, wiki hadi wiki, huku akizidi kusinyaa.

Anemoni ni mnyama, ndugu wa matumbawe na yavuyavu. Ndani ya nyama yake unaishi mwani wa seli moja ambao wataalamu huuita zuksantela. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo ndiyo inayomlisha anemoni. Ndio pia unaompa rangi ya kahawia au hudhurungi. Akipatwa na msukosuko, mwani hufa au hutolewa nje, na hapo ndipo anapopauka. Jambo hilohilo liliyapata matumbawe ya Bahari ya Hindi ya magharibi mwaka 1998, mwaka wa El Niño, na miamba ya Mafia iliumia vibaya. Kwenye tangi la sebuleni kisababishi si El Niño, lakini kinachotokea ndani ya mwili wa mnyama ni kilekile.

Mwongozo huu ni wa sisi tunaofuga viumbe wa bahari tukiwa Mwanza. Ziwa tunalo mlangoni, ila bahari iko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Umbali huo una maana. Anemoni wengi wanaotufikia huwa wamekaa gizani ndani ya mfuko, wamepigwa na joto njiani, na wengine walishapauka kabla hata hawajaondoka Dar es Salaam.

Hatua ya kwanza: mtazame kwenye mwanga mweupe

Taa za buluu za matangi ya bahari huficha mengi. Chini yake hata anemoni asiye na chembe ya mwani hung'aa kijani au waridi, kwa sababu rangi hizo ni za mnyama mwenyewe, hazitoki kwenye mwani. Ukiwa unaagiza kwa WhatsApp, usikubali picha ya buluu. Mwandikie muuzaji bila aibu: "Kaka, naomba uzime taa ya buluu, uwashe nyeupe, halafu unirekodie video fupi akiwa anakula." Muuzaji mwenye mnyama mzima hatakasirika.

Ukiwa naye ana kwa ana, chukua tochi ya simu umulike minyiri yake kutoka nyuma. Mwenye afya hazuii mwanga wote, lakini ndani ya mnyiri utaona utando wa hudhurungi uliotapakaa sawasawa, mzito zaidi kuelekea shinani. Aliyepauka ni kama nyama changa ya dafu: nyeupe, laini, mwanga unapita upande wa pili. Usidanganyike na ncha za zambarau au waridi. Mnyama anaweza kuwa na ncha nzuri sana huku sehemu nyingine yote ni tupu. Na ukimwona wa njano kali au buluu kali, rangi imeenea mwili mzima bila tofauti hata kidogo, shuku kwamba amepakwa rangi. Huyo ana matatizo mawili, njaa na sumu ya rangi, na ushauri wangu ni kumwacha hapohapo dukani.

Rangi peke yake haitoshi. Angalia mdomo, ule uwazi ulio katikati: unatakiwa uwe umefumba, au umebonyea kidogo tu. Angalia mguu, sehemu anayojishikizia: kama una mchaniko au nyama inaning'inia, uwezekano wa kupona ni mdogo. Mguse kwa mkono wenye glavu. Minyiri inatakiwa inate. Anemoni mweupe mwenye mdomo uliofumba, mguu mzima na minyiri inayonata anaweza kuokolewa. Mwenye rangi nzuri lakini mdomo wazi na mguu uliochanika yuko katika hali mbaya zaidi yake.

Kusinyaa nako kuna maana zaidi ya moja. Anemoni mzima hujikamua mara kwa mara akatoa uchafu na maji ya ndani, akaonekana kama amekwisha, na baada ya saa chache amejaa tena. Huo ndio utaratibu wake wa kawaida. Kinachotisha ni kusinyaa kusikokatika kwa siku mbili tatu huku mdomo umeachama. Akianza kumeguka vipande na maji kunuka uozo, mtoe haraka. Anemoni anayeoza kwenye tangi dogo humwaga amonia ya kutosha kuwaua samaki wote kabla hakujapambazuka.

Hatua ya pili: jua kilichompausha

Usianze kumtibu kabla hujajua kilichompata, la sivyo utamlisha leo na kumpausha tena kesho. Uliza alisafiri muda gani. Pima joto la tangi asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku, kwa siku kadhaa. Mwanza haina joto la Dar, lakini nyumba ya bati isiyo na dari huwaka mchana, na usiku hupoa. Tangi la lita 100 ndani ya nyumba hiyo hupanda na kushuka kila siku. Lengo ni nyuzi 25 hadi 26 za Selsiasi, na yabaki hapo. Yakifika 29 au 30 na kukaa huko, mwani huanza kutoka.

Visababishi vingine ninavyovishuku kila mara ni taa mpya yenye nguvu iliyowashwa kwa asilimia mia siku ya kwanza, chumvi inayopanda kwa sababu maji yanakauka na hakuna anayeongeza, na dawa yenye shaba iliyowahi kutiwa kwa ajili ya samaki wagonjwa. Shaba huwaua wanyama wasio na uti wa mgongo hata ikiwa kidogo sana, na hujificha kwenye mawe na mchanga muda mrefu. Tangi lililowahi kutiwa dawa ya shaba lisipewe anemoni.

Neno moja kuhusu dawa za duka la madawa. Kuna wanaokimbilia antibiotiki wakiona weupe. Antibiotiki ina nafasi yake kwa anemoni mwenye maambukizi, kwenye tangi la peke yake. Kupauka si maambukizi, na hakuna kidonge kitakachorudisha mwani.

Hatua ya tatu: maji

Hapa ndipo wafugaji wa huku hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Maji ya ziwa hayafai, hata ukiyachemsha, hata ukiyatia chumvi. Ziwa Victoria ni la maji baridi, na karibu na mji limebeba mbolea, maji taka na mwani wa kijani. Ukiyamimina kwenye tangi umeingiza nitrati na fosfati ambazo utapambana nazo mwaka mzima. Maji ya bomba ni safi kwa kunywa lakini yametiwa klorini, nayo chanzo chake ni ziwa hilohilo. Maji ya mvua yanayokingwa kwenye bati huja na vumbi na zinki, na zinki ni sumu kwa anemoni. Njia ya uhakika ni maji yaliyopita kwenye mtambo wa RO, yaani mtambo unaosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba unaozuia chumvi na uchafu. Kama huna wako, tafuta anayeuza maji yaliyochujwa kwa RO na umuulize kama anayaongezea madini baadaye. Unayoyataka ni yale ambayo hayajaongezewa.

Chumvi iwe ile ya matangi ya bahari. Chumvi ya jikoni ni chumvi tupu na madini joto, haina kalisi, magnesi wala vingine vinavyofanya maji yawe ya bahari. Kwa kawaida utahitaji gramu 35 hadi 40 kwa kila lita, ila fuata maelekezo ya mfuko ulio nao. Changanya kwenye ndoo yenye pampu na hita usiku mmoja kabla ya kutumia, kisha pima: uzito wa maji uwe 1.025 au 1.026, sawa na gramu 35 za chumvi kwa lita. Refraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa kutumia mwanga, ni bora kuliko hidromita ya plastiki, ile ya mshale unaoelea, kwa sababu hidromita hudanganya kirahisi kiputo cha hewa kikiganda kwenye mshale wake.

Maji yanapokauka, chumvi haiondoki nayo. Tangi la lita 100 likipoteza lita 3, chumvi hutoka 35 na kupita 36. Ukiongeza lita 3 za maji yenye chumvi badala ya matupu, umeipandisha moja kwa moja. Kwa hiyo weka alama ya utepe kwenye kioo, na kila asubuhi jazia hadi kwenye alama kwa maji ya RO yasiyo na chumvi. Ni kazi ya dakika mbili, na kwa maoni yangu inaokoa anemoni wengi kuliko vifaa vyote vya bei mbaya.

Vipimo vingine: amonia na nitriti ziwe sifuri, nitrati chini ya miligramu 20 kwa lita lakini isiwe sifuri kabisa kwa sababu mwani unaorudi nao unakula, pH kati ya 8.1 na 8.4, alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe, kati ya 8 na 11 kwa kipimo cha dKH. Badilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, maji mapya yakiwa na joto na chumvi sawa na ya tangini. Tangi lenye umri chini ya miezi sita lisipewe anemoni, na aliyepauka ndiyo kabisa.

Siku ya kumwingiza, elea mfuko juu ya maji hadi joto lilingane, kisha mdondoshee maji ya tangi tone kwa tone kwa mrija mwembamba kwa muda wa saa moja hivi. Maji ya mfuko yamwage nje, yasiingie tangini.

Hatua ya nne: mwanga mdogo kwanza

Watu hukosea hapa kwa nia njema. Wanasoma kwamba mwani unahitaji mwanga, basi wanawasha taa zote. Mwani mchache uliobaki hauwezi kuhimili nguvu hiyo. Hutengeneza kemikali zinazoumiza nyama ya mnyama, na yeye huutoa hata huo uliobaki. Anza na karibu theluthi ya nguvu ya taa, saa nane kwa siku. Mwenye kipima PAR, kifaa kinachopima mwanga ambao mwani unaweza kuutumia, aanze kati ya 50 na 100. Ongeza kidogo kidogo kila wiki, na ukiona amejikunja kila taa zinapowaka au amehamia nyuma ya jiwe, rudi ulikotoka ukakae hapo wiki nyingine. Akirefuka kuelekea juu, shina limenyooka na minyiri imetanda, anaomba zaidi. Tangi lisikae mahali linapopigwa na jua la dirishani.

Akiwa na mahali pake usimhamishe. Anemoni mwenye minyiri ya vibofu, Entacmaea quadricolor, hupenda kuingiza mguu kwenye ufa wa jiwe. Wengine, kama Heteractis crispa, huuzika mchangani. Mpe vyote viwili achague. Watu huniuliza kuhusu mawe yetu ya Mwanza: graniti haiyeyuki kirahisi majini na inaweza kuwa msingi wa tangi, ila ni ngumu na haina vitundu vya bakteria, kwa hiyo juu yake weka mawe yenye matundu. Mawe kutoka sehemu zinazochimbwa dhahabu usiyaguse, yanaweza kuwa na madini yenye sumu.

Hatua ya tano: mlishe kama mgonjwa

Bila mwani, kinachoingia mdomoni ndicho chakula chake chote. Na kama mgonjwa yeyote aliyekaa na njaa muda mrefu, sahani kubwa itamdhuru.

Chukua kamba mbichi wa baharini waliogandishwa, wasiotiwa chumvi wala viungo. Menya, suuza kwa maji ya RO, katakata vipande visivyozidi nusu ya punje ya haragwe. Ngisi naye anafaa. Shika kipande kwa kibano kirefu cha plastiki, kiguse kwenye minyiri iliyo karibu na mdomo, kisha achia. Usimsukumie mdomoni. Mwenye nguvu atakinasa papo hapo. Utaona minyiri ya jirani ikiinama mmoja baada ya mwingine kuelekea katikati, na baada ya dakika kadhaa mdomo unafunguka polepole na kipande kinazama. Aliyedhoofika hanasi. Kipande kinateleza na kuanguka.

Kwa huyo dhaifu, saga kamba mmoja na maji kidogo ya tangi hadi iwe uji, chuja, vuta kwenye sirinji isiyo na sindano, zima pampu ya mkondo kwa dakika 15, umdondoshee juu ya minyiri polepole. Fanya hivyo mpaka aanze kunata, ndipo urudi kwenye vipande. Mara mbili au tatu kwa wiki inatosha. Akikitema kesho yake kikiwa cheupe na kimezungukwa na ute, kilikuwa kikubwa mno au umemlisha mapema mno. Pumzika siku tatu, upunguze. Mabaki yoyote yaliyoanguka yatoe siku hiyohiyo.

Swali la Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki, huja daima: kwa nini ninunue kamba wa pwani wakati sangara, sato na dagaa wamejaa sokoni? Nyama mbichi ya sangara si sumu kwake, lakini mafuta ya samaki wa maji baridi hayafanani na ya viumbe wa baharini, na mnyama anayejenga upya mwili anayahitaji haya ya baharini. Itumie siku umeishiwa, isiwe chakula chake. Dagaa waliokaushwa usimpe kabisa, wana mchanga na huchafua maji.

Hatua ya sita: umeme, pampu na majirani

Mwanza iko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo maji yetu hushika oksijeni pungufu, na maji ya chumvi yenye joto hushika pungufu zaidi. Ndiyo maana umeme ukikatika hapa muda wa kusubiri ni mfupi. Nunua pampu ya hewa ya betri kabla ya kununua anemoni. Ukiwa na inveta, pampu ya mkondo iwe ya kwanza, hita ya pili, taa za mwisho kabisa. Siku moja ya giza haitamuua. Usiku wa baridi funika tangi kwa blanketi, ukiacha juu wazi hewa ipite. Usimlishe umeme ukiwa haupo.

Anemoni hutembea, na aliyepauka hutembea zaidi kwa sababu hajaridhika. Funga mdomo wa kila pampu kwa sponji au wavu kabla hajaingia. Akinyonywa na pampu atasagwa, na tangi zima litafuata.

Samaki wa anemoni wakae mbali naye kwa sasa. Wanamkumbatia, wanamsugua, wanamnyang'anya chakula. Mnyama mzima huvumilia, mgonjwa hawezi. Samaki-kipepeo nao humdonoa, hao wasikae naye hata akipona.

Kufuatilia, na muda wa kungoja

Mpige picha kila Jumapili saa ileile, taa nyeupe, umbali uleule. Macho yanayomwona kila siku hayaoni badiliko. Picha za mwezi zinaliona. Rangi hurudi kwanza shinani mwa minyiri na kuzunguka mdomo, utando hafifu wa hudhurungi, kisha hupanda kuelekea ncha. Kwa wengine huanza baada ya wiki chache, kwa wengine huchukua miezi minne au sita. Wakati huo asiongezwe kitu kingine kipya tangini.

Anemoni ni wanyama wa kuishi muda mrefu mno. Huko Edinburgh, anemoni mmoja aliyeokotwa pwani na mwanasayansi wa Uskoti John Dalyell mwaka 1828 aliishi kwenye chombo cha kioo hadi 1887, akipita mikononi mwa walezi kadhaa. Alikuwa wa aina nyingine, ya bahari za baridi, lakini nikimfikiria sioni miezi sita kuwa mingi.

Kwa sababu hiyohiyo uliza mnyama wako ametoka wapi. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, na maeneo mengine tengefu ya bahari si mahali pa kung'oa wanyama wa kuuza, na muuzaji asiyeweza kueleza alikopata mzigo wake usimpe fedha yako.

Wakati wa kurudisha samaki utaujua kwa mambo matatu: rangi imefika karibu na ncha, amekaa mahali pamoja bila kuhama kwa mwezi mzima, na ananasa kipande cha kamba mwenyewe bila kuzimiwa pampu. Kwa tangi la mtu wa Afrika Mashariki napendelea samaki wa bahari yetu, Amphiprion allardi, ambaye kwa asili huishi pia kwenye anemoni wa vibofu. Mwingize mmoja, usiwaingize wawili kwa mpigo. Siku za kwanza anemoni anaweza kujifumba anaposuguliwa, hiyo ni kawaida. Akibaki amejifumba kutwa nzima kwa siku tatu mfululizo, mfunike kwa kikapu cha plastiki chenye matundu kilichogandamizwa kwa jiwe, maji na mwanga vipite ila samaki asipite, umpe wiki mbili nyingine za kula peke yake ndipo ukiondoe.